Friji linapiga shoti nikiwa pekupeku: je, ndala zinatosha?

"Nimepanga Uyole, Mbeya, mimi na watoto wangu wawili. Nina friji la mtumba lenye plagi ya miguu miwili ya duara, nalichomeka kwa adapta. Tangu mwezi wa tano nikiligusa nahisi umeme, hasa nikiwa napiga deki bila viatu. Fundi alikuja na testa, akasema friji ni zima, ni baridi ya huku tu inaleta unyevu, nivae ndala na ninunue friji gadi. Nimenunua, shoti iko palepale. Nikigeuza plagi inapungua. Juzi mwanangu wa miaka 7 alitoka kuoga akashika mlango wa friji, akarushwa akaangukia meza. Alilia kidogo, sasa anacheza. Maji ya kuoga tunachemsha kwa koili ya kwenye ndoo. Mwenye nyumba anasema ethi iliwekwa tangu nyumba inajengwa. Tatizo ni friji, ni nyumba, au ni mimi? Nikiliuza nitakuwa nimemaliza? Na je, hii ndiyo sababu uniti za Luku zinaisha haraka?"

Dada yangu, kabla hujasoma mbele, friji hilo lizimwe. Futa maji sakafuni, vaa viatu vikavu vya mpira, zima swichi ya soketi kwanza, kisha shika plastiki ya plagi uchomoe bila kugusa bodi la friji. Kama soketi haina swichi, au adapta imelegea mpaka inacheza, zima meni swichi ndipo uchomoe. Nyama na maziwa mpelekee jirani. Mboga na mayai vitavumilia baridi ya Uyole bila shida. Friji halirudi kwenye soketi mpaka lipimwe.

Halafu mtoto. Mimi ni mtu wa umeme, si daktari, lakini kwa kuwa alikuwa amelowa, na akaanguka juu ya meza, mimi ningempeleka kituo cha afya hata kama anacheza. Mweleze mganga mambo matatu: alishika kwa mkono gani na miguu ilikuwa wapi, ilichukua muda gani kabla hajaachia, na aliangukia sehemu gani ya mwili. Usisubiri hata saa moja ukiona anatapika, anasinzia isivyo kawaida, analalamika kifua, moyo unaenda mbio au unarukaruka, ana kidonda cha kuungua hata kidogo kidoleni, au alizimia japo kwa muda mfupi. Hapo nenda moja kwa moja hospitali yenye kipimo cha mapigo ya moyo. Mama mjamzito akipigwa shoti naye aende kupimwa hata kama anajisikia mzima.

Sasa swali lako. Kwa maelezo uliyotoa naona makosa mawili kwa wakati mmoja, moja kwenye friji na jingine kwenye njia ya ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, na kosa la pili ndilo la hatari zaidi. Wewe na mwanao mmeingia katikati tu: miili yenu ndiyo imekuwa waya uliokosekana.

Kutoka kwenye nguzo zinakuja waya mbili, laivu inayoleta umeme na nyutro inayourudisha, zikiwa na volti 230 kati yake. Kule kwenye transfoma nyutro imefungwa kwenye ardhi, kwa hiyo ardhi yenyewe ni njia ya umeme kurudia. Sakafu ya saruji iliyopigwa deki ni ardhi. Bomba la chuma ni ardhi. Bodi la friji ni bati lililokaa juu ya vimiguu vya plastiki, na ndani yake kuna waya na kompresa. Ganda la waya likichubuka, panya akitafuna, au maji ya barafu yakiingia kwenye viungio vya nyuma, bati linapata umeme na linabaki nao, halionyeshi dalili yoyote. Taa inawaka, barafu inaganda. Fundi wako aliposema friji ni zima hakusema uongo, alijibu tu swali ambalo hukumuuliza. Wewe ulitaka kujua kama ni salama.

Testa aliyotumia, ile bisibisi yenye kitaa, haiwezi kujibu hilo. Inawaka kwa umeme mdogo usio na madhara na inawaka kwa umeme wa kuua, mwanga uleule. Tena ukivaa viatu vizito inaweza isiwake kabisa. Kwa friji kinachotakiwa ni mega, kipimo kinachosukuma volti 500 kwenye waya za kifaa kilichochomolewa na kuonyesha ganda linazuia kwa kiasi gani. Ikishuka chini ya omu milioni moja (omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme), umeme unavuja, na fundi anaanza kutafuta ni kompresa, ni themostati inayowasha na kuzima friji kufuata baridi, au ni waya.

Kuhusu ndala, hesabu ni hii. Mwili wa mtu mwenye ngozi kavu unaweza kuzuia umeme kwa omu makumi elfu. Ngozi ikilowa, inashuka hadi karibu omu 1,000. Gawanya volti 230 kwa 1,000 unapata ampia 0.23, yaani miliampia 230. Mtu huanza kuhisi umeme kwenye miliampia 1 hivi; karibu na 10 misuli ya mkono inajikaza na mtu hawezi kuachia alichoshika; kuanzia 30 na kuendelea, ikidumu, pumzi na moyo vinaingia hatarini. Ukiwa umejipangusa na umevaa ndala, friji lilelile linakutekenya tu. Mtoto aliyetoka kuoga, pekupeku, linamrusha. Volti za friji hazikuongezeka, ngozi na sakafu ndivyo vilivyobadilika. Na ndala hazisaidii chochote siku utakayoshika friji kwa mkono mmoja na bomba la sinki kwa mkono mwingine, maana hapo umeme haupiti miguuni, unapita kifuani.

Friji gadi nayo si kwa ajili yako. Kazi yake ni kuangalia umeme ukishuka au ukipanda mno, ukikatika na kurudi inachelewesha kompresa isiwake ghafla. Haijui nani ameshika mlango. Breka ya kawaida pia haijui: breka ya ampia 20 inasubiri umeme upite ampia 20, na mtu anauawa na sehemu ndogo sana ya ampia moja. Watu wengi wananiambia "ingekuwa hatari breka ingeruka." Hapana.

Na kugeuza plagi? Ukigeuza, unabadilishana laivu na nyutro, na pale panapovuja panaweza kuangukia upande wa nyutro, ndiyo maana unahisi nafuu. Kosa limebaki. Ubaya mwingine ni kwamba themostati sasa inakata nyutro badala ya laivu, kwa hiyo hata friji likiwa limejizima, ndani yake lote lina umeme.

Kinachomlinda mtu ni waya wa ethi, ule wa kijani wenye mistari ya njano. Ni kama mfereji tunaochimba nyuma ya nyumba zetu za mlimani: maji yatashuka tu, mfereji unayaonyesha pa kupita yasiingie sebuleni. Bati la friji likipata umeme, ethi inaupeleka chini ardhini hata kabla hujaligusa.

Itazame plagi yako. Ina miguu miwili ya duara, na pembeni, kwenye plastiki, utaona vipande viwili vya bati, kimoja kila upande. Hiyo ni plagi ya Ulaya, na vile vipande vya pembeni ndiyo ethi yake. Soketi za kwao zina springi zinazovigusa. Za kwetu ni za matundu matatu ya mstatili, na ethi yetu ni lile tundu la juu. Kwa hiyo ukichomeka plagi hiyo kwa adapta ya bei rahisi, au ukifanya ule mchezo wa kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu ili mengine yafunguke, friji linapata laivu na nyutro, linawaka vizuri, lakini waya wa kijani uliotoka kwenye bati lake unafika kwenye plagi na kuishia hewani. Adapta nyingi mguu wa juu ni plastiki tupu. Mwenye nyumba anaweza kuwa anasema kweli kabisa kuhusu ethi yake, na friji lako lisijue kama ipo.

Marekebisho yake ni madogo: plagi ya duara ikatwe, ifungwe plagi ya miguu mitatu, waya wa kahawia kwenye laivu, wa buluu kwenye nyutro, wa kijani na njano kwenye mguu wa juu. Lakini fundi ahakikishe kwanza waya wa friji una nyaya tatu ndani. Mitumba mingine imeshabadilishiwa waya njiani ikawekewa wa nyaya mbili, na hapo plagi ya miguu mitatu ni pambo.

Tuje kwenye nyumba. "Iliwekwa tangu inajengwa" si jibu, kwa sababu ethi inakufa kimyakimya. Nenda nje, karibu na mita, tafuta waya wa kijani unaoshuka ukutani hadi kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Usiushike, tazama tu. Nimekuta clampu zilizokula kutu mpaka waya umening'inia, waya uliokatwa na jembe, na waya uliokatwa na mtu kwenda kuuza shaba. Ndani taa zote zinawaka na hakuna anayejua.

Hata ikiwa imefungwa vizuri, udongo una la kusema. Ethi hufanya kazi kwa unyevu. Sehemu kubwa ya huku kwetu, kuanzia Uyole kuteremkia Rungwe, tuko juu ya majivu na mawe mepesi ya volkano, yale yanayoelea majini. Maji yanapita humo haraka. Mvua zikishakata mwezi wa tano, udongo wa juu unakauka mpaka Novemba, na fimbo fupi iliyopigiliwa kijuujuu inabaki kwenye vumbi. Umesema shoti ilianza mwezi wa tano. Siwezi kuapa bila kupima, lakini kama adapta yako inafikisha ethi, sishangai. Fundi wako aliisingizia baridi. Juni na Julai kwetu ni baridi kavu. Unyevu wa jikoni kwako unatoka kwenye ndoo ya deki na miguu ya mtoto.

Ndiyo maana sipendi mtu aishie kwenye fimbo peke yake. Chukua fimbo nzuri tu, yenye omu 20. Laivu ikigusa bati, umeme utakaopita ni 230 gawanya kwa 20, yaani ampia 11.5. Breka ya ampia 32 haitaruka. Bati litaendelea kuwa na umeme na udongo utachemka polepole. Kinachotakiwa kukaa na fimbo ni kile kifaa mafundi wanachokiita RCD au RCCB, cha miliampia 30. Kinalinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Ukipungua kwa miliampia 30 hivi, maana yake unapitia mahali pengine, labda kwa mtoto, na kinakata nyumba nzima kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa kifaa hicho hata fimbo ya omu 100 inafaa, kwa sababu bati haliwezi kukaa na zaidi ya volti 3 hivi kabla hakijaruka. Kina kitufe cha majaribio chenye herufi T; kibonyeze mara moja moja, kikikataa kuruka kibadilishwe. Na fundi yeyote anayekipita kwa waya "kwa sababu kinaruka ruka" mwonyeshe mlango. Kinaruka kwa kuwa kuna kitu kinavuja. Ila kisikupe kiburi: ukishika laivu kwa mkono huu na nyutro kwa mkono ule, kitakuona kama balbu na hakitakata.

Kuna njia mbili za mkato ambazo utapewa, uzikatae zote. Ya kwanza ni kuunganisha tundu la ethi na nyutro ndani ya soketi. Shoti itapotea siku hiyohiyo na utamshukuru fundi. Siku nyutro itakapolegea kwenye mita au kwenye nguzo, mabati ya vifaa vyako vyote yatakuwa na volti 230. Ya pili ni kufunga ethi kwenye bomba la maji. Mabomba mengi sasa ni ya plastiki, hayafiki popote, na pale ambapo bado kuna chuma unampelekea shoti jirani anayefungua maji.

Hukuuliza sana kuhusu koili, lakini inanitisha kuliko friji. Ndani ya lile bomba la chuma kuna waya wa moto uliozungukwa na unga mweupe unaouzuia usiguse chuma. Ikichemka juu ya maji, au ikijaa magadi ikapasuka, unga unanyonya maji na umeme unaingia ndoo nzima. Nyingi zinazouzwa kwetu zina waya mbili tu, hazina ethi kabisa. Mkono usiingie kwenye maji "kuonja kama yamepata" koili ikiwa imewaka. Zima, chomoa, itoe, ndipo uguse. Ndoo iwe ya plastiki, ikae mahali ambapo watoto hawapiti, na koili iliyopasuka au yenye alama ya kuungua itupwe. Kama una jiko la gesi au mkaa, maji ya watoto chemsha huko mpaka nyumba ipimwe. Na siku ukitaka kufunga bafu ya maji ya moto ya pale juu kichwani, kumbuka inakula wati 5,000 na zaidi, na nyingi waya wa moto unaguswa moja kwa moja na maji unayooga. Hiyo inataka waya wake mnene peke yake kutoka kwenye bodi ya breka, ethi na RCD. Kuivutia kutoka kwenye soketi ya sebuleni ni kutafuta moto na msiba kwa pamoja.

Akitokea mtu amenaswa, usimshike. Zima meni swichi. Kama iko mbali, msukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki ukiwa umesimama pakavu. Asiyepumua mlaze chali umkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari. Usimwagie maji, usimfukie kwenye udongo.

Ili usiogope kila kitu: mchomo mmoja wa "tak!" ukivua sweta usiku au ukigusa kitasa cha mlango ni umeme wa msuguano, hewa kavu ya kipupwe inauleta, hauna madhara. Televisheni au kompyuta inayowasha vidole kidogo kidogo mara nyingi ni vichujio vya ndani vinavyovujisha umeme mdogo kwa makusudi vikitegemea ethi iuchukue. Hata friji zima lisilo na ethi linaweza kutekenya hivyo. Kwa hiyo naacha mlango wazi kwamba friji lako huenda halijaharibika sana. Lakini kumrusha mtoto kunanifanya nishuku zaidi ya mtekenyo wa kawaida.

Uniti za Luku hapana, siyo hiyo. Bila ethi umeme hauna pa kuvujia mpaka mtu aguse. Hata miliampia 20 zikivuja mchana na usiku ni kama wati 5, uniti moja kwa siku tisa hivi. Koili ndiyo inakula: kupasha ndoo ya lita 15 kutoka nyuzi 15 hadi 45 ni nusu uniti na kidogo. Watu watatu kila asubuhi, piga hesabu.

Kwa mwenye nyumba, nenda kwa heshima lakini mweleze mtoto amerushwa. TANESCO wanaishia kwenye mita. Kuanzia hapo ni mali yake na wajibu wake. Mwombe alete fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, siyo yule anayefunga pia dishi na geti, apime mambo matatu na kuandika namba zake kwenye karatasi: omu za fimbo ya ethi, kama ethi inafika kwenye kila soketi, na kama RCD ipo na inaruka. Kama hana haraka, waambie na wapangaji wenzako, maana fimbo ni moja kwa nyumba nzima na friji lao linaitegemea hiyohiyo. Gharama ya plagi na kupima friji ni yako.

Ukiliuza bila kulitengeneza, shoti itahamia kwa mtoto wa mwingine, na nyumba yako, kama ethi yake imekufa, itabaki hivyohivyo ikisubiri pasi au jagi la umeme livuje. Likipimwa kwa mega likaonekana kompresa ndiyo inayovuja, usihangaike nalo, kubadilisha kompresa kwenye friji la mtumba mara nyingi hakulipi. Litoe kama chakavu, ukate waya wake kwanza. Likionekana ni waya au themostati, litengenezwe, lifungwe plagi ya miguu mitatu, lirudi kazini.